Amplifaya ya Mwana wa Bi Mize

Wako watakaosema nilikuwa nimelala. Wako watakaosema jua la Wingwi lilinipiga utosini. Waseme. Nilikuwa macho, nimeshiba wali na mchuzi wa samaki changu, na yaliyonipata yalinipata kabla ya adhana ya Alasiri, jua bado kali na kuku wanapekua uani. Ningekuwa natafuta sifa ningekwambia ilikuwa usiku wa manane, maana najua ndivyo mnavyopenda. Haikuwa usiku. Mwongo nilikuwa kweli, sikatai, lakini uongo wangu niliusema siku moja kabla, nao ndio uliozaa yote haya.

Mimi ni mshonaji nguo. Jioni na siku za harusi napiga gitaa. Nimezaliwa Mkoani, nikahamia Jadida, hapa Wete, miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya mke. Na katika gitaa, bila kujisifu, nina sauti yangu. Naipenda kavu na safi, kila uzi usikike peke yake, mwangwi uwe kidogo tu. Wenzangu wapenda sauti ya kuvimba, gitaa linaguruma kama lori. Mimi hapana. Nikikosa sauti yangu hukasirika, mkono hunikataa, na siku hiyo bora nisipige kabisa. Mke wangu husema hii ni kiburi. Huenda.

Basi siku mbili kabla ya harusi ya Wingwi, umeme uliruka nyumbani kwangu, ukaja kwa nguvu, amplifaya yangu ikatoa moshi ikafa. Nikabaki na gitaa tu, na gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi. Nikauliza huku na huku. Kila mmoja aliniambia jambo lile lile: nenda kwa Bi Mize, ana ampu ya mwanawe, haina mfano Pemba nzima.

Bi Mize ni jirani yangu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Nilikuwa namjua kama kila mtu wa Jadida anavyomjua: bibi wa kiti. Kila siku, akimaliza kazi zake, hukaa mlangoni juu ya kiti cha mbao na kutazama barabara iteremkayo bandarini. Mwanawe, Shaame, alikuwa mpiga gitaa. Miaka sita nyuma alipanda boti kwenda Tanga, akasema anakwenda kutafuta kazi na nyuzi mpya, atarudi baada ya mwezi. Hakurudi. Hapakuja barua, simu, salamu wala maiti. Waliotumwa kumtafuta walirudi mikono mitupu.

Watu walimshauri Bi Mize amsomee mwanawe khitma. Alikataa. Alisema khitma ni ya maiti, na yeye hajaona maiti. Mke wa Shaame, Riziki, alingoja pamoja naye miaka minne, kisha akaenda kwa kadhi, ndoa ikavunjwa kwa haki, akarudi kwao Wingwi. Tangu siku hiyo Bi Mize hakulitaja jina la Riziki. Alimwona kama mtu aliyemzika mwanawe akiwa hai.

Na sasa unajua ninalotaka kusema? Harusi niliyoalikwa kupiga ilikuwa ya Riziki.

Kwetu mwanamke aliyekwisha kuolewa aghalabu huozwa kimya kimya. Lakini kwa bwana harusi hii ndiyo ilikuwa ya kwanza, akataka shangwe, akataka gitaa. Mimi nilijua bibi harusi ni nani. Nilijua vizuri sana. Nikaenda kwa Bi Mize hivyo hivyo.

Nilimkuta kitini. Nikamwamkia, nikampa habari ya ampu yangu kuungua. Aliinuka, akanipeleka ndani. Ilikuwa pembeni ya chumba, imefunikwa kanga safi, haina hata chembe ya vumbi. Kubwa kidogo kuliko kreti ya soda, ngozi nyeusi imechubuka pembeni, vifungo vinne vya kuzungusha, namba zake zimefutika kwa vidole.

"Miaka sita hajaigusa ntu," akasema. "Naipangusa mie. Akirudi asije akanambia nimeiachia panya."

"Nitaitunza, Bi Mize. Keshokutwa asubuhi iko hapa."

"Hii amana, mwanangu." Akanitazama usoni. "Wenda kumpigia nani?"

Niamini, ulikuwa ni muda wa kupepesa jicho. Ningesema kweli, angenifukuza, na harusi ningeikosa, na wenzangu wangenicheka. Nikasema, "Binti mmoja wa huko shamba, Wingwi. Humjui."

Akaitoa ile kanga, akaikunja, akaiweka kifuani. "Haya. Mungu amjaalie kheri huyo binti."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka aya nilizohifadhi chuoni.

Siku ya harusi niliingia Wingwi mapema, peke yangu. Wenzangu wa kinanda na ngoma walikuwa waje baada ya Alasiri. Nyumba ilikuwa ya mjomba wa Riziki, na mahali petu pa kupiga palikuwa banda la uani lenye sakafu ya saruji. Mbele yake wametandika mikeka ya wanawake. Ua ule una mlango mmoja tu, na mlangoni pake alikaa shangazi wa bibi harusi, Bi Asha, na wenzake wawili, wanachambua mchele. Nakwambia haya mapema ili baadaye usiniulize.

Nikachomeka waya ukutani, nikachomeka gitaa, nikawasha, kitaa chake chekundu kikawaka. Nikapiga.

Mungu wangu, sauti gani ile! Nzito, imeziba, kama mtu anayesema na tonge mdomoni. Nikazungusha kifungo hiki, nikazungusha kile. Nikiongeza ya juu, inachoma masikio. Nikipunguza, inazama. Besi yake inarudi kutoka ukutani inanipiga mgongoni. Nilihangaika kwa muda mrefu, jasho linanitoka, sauti yangu siioni. Mimi ni fundi cherehani, najua kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini siku ile nililijua kwa masikio. Mwisho nikaipiga ampu kofi.

"Waigombeza," sauti ikasema. "Haigombezwi hiyo."

Mtu alisimama kwenye kizingiti cha banda. Najua unachongoja, unangoja niseme alikuwa na kwato. Hakuwa na kwato. Alivaa kikoi na shati la mikono mifupi, na kandambili, moja imeungwa kwa waya. Umri wake kama miaka arubaini, mwembamba, mashavu yameingia ndani. Nikamdhani ni mmoja wa wageni wa harusi. Akanitolea salamu, nikaitikia bila adabu, kichwa chini, maana nilikuwa na hasira.

"Weye wajua ampu?" nikamuuliza.

"Hii naijua. Iinue kutoka chini. Sakafu yaipa besi isiyo yake. Tafuta kinu ukipindue, uiweke juu."

Nikacheka. Kinu? Lakini mtu aliyeshindwa hushika hata unyasi. Nikaenda jikoni, nikachukua kinu cha Bi Asha, nikakipindua, nikaipandisha ampu juu ya kitako chake. Yule mtu hakuingia bandani. Hakugusa kitu. Alisema tu, polepole, kama anayemfundisha mtu kusoma.

"Isogeze, iwe mbali na ukuta. Vyema. Sasa virudishe vyote vinne mpaka mwisho, kusisalie kitu. Anza na cha kati. Ongeza mpaka gitaa liseme kama ntu. Hapo hapo, liache. Sasa cha juu, kidogo. Besi iwe ya mwisho, kama chumvi."

"Na mwangwi?"

"Mwangwi wa nini? Nyumba i wazi hii. Mwangwi utatoka kwa watu."

Nikapiga. Ikawa nzuri. Nikamwambia, "Hapo sasa nasikia."

"Wasikia hapo ulipo weye," akasema. "Hapo hakai ntu. Nenda kakae pale watakapokaa wao, usikie wanavyosikia."

Nikavuta waya mrefu, nikatoka bandani na gitaa langu, nikakaa mkekani, pale bibi harusi mwenyewe angekaa. Nikagusa uzi wa kwanza.

Ilikuwa sauti yangu. Kavu, safi, kila uzi umesimama peke yake. Lakini ilikuwa na kitu ambacho sijawahi kukitia mimi, uchungu fulani, na machozi yakanitoka nikiwa mtu mzima na ndevu zangu. Miaka kumi na tano nikiitafuta sauti ile, nimeikuta kwenye chombo cha mtu mwingine. Sioni haya kulisema.

Nilikuwa bado nimeinamisha kichwa, nafuta macho, aliponiuliza.

"Wenda kumpigia nani?"

Maneno yale yale. Nami, kwa kuwa nilimwona mgeni tu, nikamjibu kweli. Ajabu ya binadamu, tusiyemjua ndiye tunayemwambia kweli.

"Riziki. Yule aliyekuwa nke wa Shaame, ntu aliyepotea. Leo aolewa."

Nikasikia kuku tu.

"Mama kakupa mwenyewe?"

"Kanipa."

"Kajua yendako?"

Nikashindwa kuinua uso. "Hakujua. Nilimficha."

"Basi mpigie Riziki vizuri," akasema. "Kisha kamwambie mama."

Maneno yakachelewa kuniingia. Hakusema mama yake. Hakusema Bi Mize. Alisema mama. Nikainua kichwa, na kwenye kizingiti hapakuwa na mtu.

Nilikwenda mbio hadi mlangoni kwa Bi Asha. "Yule bwana kapita wapi?"

"Bwana gani?"

"Niliyekuwa nikizungumza naye."

Wakatazamana yeye na wenzake. "Mwanangu, hapa hajapita ntu," Bi Asha akasema. "Sie twakusikia wazungumza peke yako, twasema mafundi ndivyo walivyo. Lakini lililo kubwa ni umeme. Tangu Adhuhuri haupo. Tumetuma ntu akatafute jenereta, tusije tukaaibika mbele ya wageni."

Nikamcheka. "Umeme upo, Bi Asha. Saa nzima hii napiga."

"Wapiga nini? Wakwaruza nyuzi. Tumekucheka mpaka mbavu zatuuma, twasema fundi huyu wa Wete kaja na gitaa bubu."

Nikarudi bandani. Kile kitaa chekundu cha ampu kilikuwa kimezima. Nikagusa uzi wa kwanza, ukatoa kile kisauti cha ubao, hata mkekani kisingefika. Feni ya sebuleni imesimama. Friji ya jirani kimya. Sasa wewe unayesoma, niambie, nilisikia nini mimi pale mkekani? Nililia kwa sauti gani?

Umeme ulirudi baada ya Alasiri. Wenzangu wakaja, wageni wakajaa, tukapiga. Sikugusa kifungo hata kimoja. Ile sauti ilikuwa pale pale, imeningoja. Wanawake walipiga vigelegele, wenzangu wakaniuliza nimefanyaje, nikasema nimebahatisha. Bibi harusi alitolewa nje, akakaa mkekani uso umeinama kama ilivyo ada. Katika wimbo wa pili nilimwona anainua uso. Akaitazama ampu, si mimi. Wimbo ulipokwisha, Bi Asha akaniinamia sikioni.

"Bibi harusi auliza, hiyo ampu mbona mumeiweka juu ya kinu? Nani kakwambia?"

Nikasema, "Ntu mmoja tu." Bi Asha akapeleka jibu. Riziki akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtetemeka, na watu wakasema kama wanavyosema siku zote, bibi harusi lazima alie.

Asubuhi yake nikarudi Jadida. Nilifika kwa Bi Mize na ampu mikononi, nikamkuta mahali pake. Sikuingia. Nilisimama kwenye jua nikamwambia yote, tangu uongo wangu mpaka kile kitaa kilichozima. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa Wingwi na kurudi. Nilitarajia matusi. Ningeyapokea.

Bi Mize akainuka kitini. "Kaa," akaniambia.

"Bi Mize, mimi..."

"Kaa hapa ninapokaa mie."

Nikakaa. Kutoka kwenye kiti kile unaiona barabara yote iteremkayo bandarini, na kila mtu anayepanda unamwona kwanza kichwa, kisha mabega, ndipo sura. Akaja mtu mmoja nisiyemjua, kichwa, mabega, na kabla sijaiona sura yake moyo wangu uliruka. Kisha akaja mwingine. Bi Mize alifanya hivyo miaka sita, kila siku. Na mimi mtu wa nyumba ya nne nikamwambia, binti wa shamba, humjui. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Hakunigombeza. Aliuliza kwanza swali ambalo mama tu angeliuliza.

"Kanenepa, au kakonda?"

"Kakonda, Bi Mize."

Akaingia jikoni, akatoka anabiringisha kinu chake, akakipindua mbele yangu. Kwenye kitako chake palikuwa na alama nne za mviringo, zimezama ndani ya mbao. Akaichukua ampu yeye mwenyewe, bibi yule mwembamba, akaiweka juu. Miguu minne ya ampu ikaingia kwenye alama zile zile.

"Kila siku tukigombana kwa hichi," akasema. "Namwambia kinu cha kutwangia, si meza yako. Hucheka. Hayo hayajui ntu ila mie, na yeye, na Riziki."

Kisha akaniuliza, "Kakuuliza habari zangu?"

"Aliuliza kama mama kajua. Akasema nikwambie."

Bi Mize akatazama barabara, akaitazama muda mrefu. Watu walikuwa wakipanda kutoka bandarini, na safari hii hakuwaangalia nyuso.

"Angekuwa hai," akasema, "angekuja kuniuliza mwenyewe."

Akakaa chini, pale pale vumbini, akalia kilio cha miaka sita. Nami nikalia naye, nimekalia kiti chake, sijui niinuke au nibaki.

Khitma ya Shaame ilisomwa Alhamisi iliyofuata. Mtaa mzima ulikuja. Kabla ya kuanza, Bi Mize alinipa doti ya kanga, akaniambia niipeleke Wingwi kwa Riziki pamoja na radhi zake, na niseme imetoka kwa nani. Nilisema. Nililisema jina mara mbili, nisije nikakosea. Riziki aliipokea kwa mikono miwili.

Ile ampu imerudi pembeni, chini ya kanga yake, na siku hizi imekaa juu ya kinu. Sikuiomba tena na sitaiomba. Nimenunua yangu. Nimeiinua kutoka chini, nimeisogeza mbali na ukuta, nimeanza na cha kati, besi nikaitia mwisho. Inapendeza, watu wanasifu. Sauti ile sijaipata.

Lakini liko jambo moja ambalo mke wangu pekee analijua, na sasa wewe. Tangu siku ile, umeme ukikatika katikati ya wimbo, watu wote husikia kimya, wakaguna. Mimi sisikii kimya. Mimi husikia gitaa likiendelea, pumzi mbili, wakati mwingine tatu, na vidole vyangu vimekwisha kusimama. Huwa najua ni nani.

Kwa hiyo nakuasa, ndugu yangu. Ukienda kuazima cha mtu, akakuuliza unakipeleka wapi, mwambie. Mwambie mara ya kwanza, hata kama atakunyima, hata kama utaaibika. Mimi nilimnyima jibu bibi mmoja aliyekaa mlangoni kwake, nikadhani swali limekwisha. Likanifuata mpaka Wingwi, na aliyekuja kuniuliza mara ya pili hakuwa miongoni mwa walio hai.